Ngoma Tumboni mwa Mtani Wangu

Nilipaswa kukataa siku ile daktari aliponivutia kiti. Aliniomba nikamshawishi mtani wangu aje apasuliwe tumbo kabla yeye mwenyewe hajapanda meli kwenda kwao likizo, nami nikamjibu palepale kwamba nitamleta. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Nilikuwa msaidizi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya serikali mjini Dar es Salaam. Nilikuwa nimesoma sekondari kwetu Tabora, Kiingereza nilikijua cha kutosha, na kazi yangu ilikuwa kuchemsha vyombo, kuvipanga juu ya meza, kisha kusimama kando ya daktari nikimpa anachotaka kabla hajakitaja. Mtaani walituita madresa, wote sawa, hata aliyekuwa anafagia wodi. Katika miaka yangu pale hakuna Mzungu aliyewahi kuniambia nikae mbele yake. Huyu alifunga mlango wa ofisi, akavuta kiti kwa mkono wake, akanieleza habari za mgonjwa kama anayezungumza na daktari mwenzake. Nilipotoka mle ndani nilijiona nimeongezeka kimo.

Mtani wangu alikuwa Mzaramo wa Temeke, kazi yake kukwea minazi. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa wasiokulia katika mambo hayo, nieleze kidogo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo mpaka pwani kwao. Mtani anaingia nyumbani kwako bila hodi, anafunua chungu, anakula. Akichukua kitu chako huwezi kukidai. Anakutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani. Anazuia jeneza njiani, analala ndani ya kaburi akisema hatoki mpaka apewe kitu, na wafiwa wanajikuta wanacheka huku machozi hayajakauka. Na lile neno zito ambalo ndugu yako wa tumbo moja hawezi kukuambia usoni, mtani anakuambia hadharani, watu wakishika mbavu.

Nilipohamia Temeke na kupanga chumba jirani na kwake, alikuja siku ileile ya kwanza. Alisimama mlangoni akaangalia kitanda changu cha kamba.

"Mnyamwezi na kitanda wapi na wapi?" akasema. "Babu zako walilala chini ya mizigo."

"Na babu zako walilala chini ya ngoma, hawakujua hata mchana ukifika."

Alifurahi sana. Akaingia, akauchukua mto wangu wa sufi, akaubana kwapani, akaondoka nao. Jioni nilikwenda kwake nikala wali wote uliokuwa umewekwa kwa ajili yake. Ndivyo tulivyoanza. Mto ule ulikaa kwake miaka yote, akiulalia kila siku uani baada ya kazi, na kila nilipopita alinionyesha kwa kidole na kusema, "Unanukia Tabora huu."

Alinizidi umri kwa miaka kama kumi. Alikuwa mtu mfupi, mikono mirefu, na ngozi ya kifua na tumbo imekuwa ngumu kwa kusuguliwa na magome. Alikuwa na mke ambaye mimi nilimwita shemeji, na hawakuwa na mtoto. Mimba zilikuja, zikaharibika. Mwaka ninaousimulia shemeji alikuwa amepata mimba nyingine, na hii ilikuwa imeshapita pale zilipokuwa zikikomea zile za kwanza. Mtani wangu alianza kutembea polepole karibu na mkewe, kana kwamba kishindo cha miguu yake kingeweza kumwamsha mtoto kabla ya wakati.

Habari za ugonjwa wake zilianza kama mzaha. Alirudi siku moja kutoka mashamba ya upande wa Mbagala, akanikuta nafua koti langu jeupe la kazi.

"We mpagazi, msomi," akasema, "nieleze jambo. Kuna mnazi kule una moyo."

"Umekunywa tembo la watu."

"Wallahi vile. Nikiukumbatia, unanidunda hapa." Akajigusa juu ya kitovu. "Nimehamia wa pili, nao unadunda. Wa tatu, nao vilevile."

"Basi minazi yote imejua mkwezi wake ni mwoga."

Tukacheka. Mimi, mtu wa hospitali, nilicheka, kisha nikaendelea kufua. Zilipita wiki kadhaa ndipo aliposema mgongo unamuuma chini kiunoni, na maumivu hayajali kama amekaa au amesimama. Nilimlaza kwenye mkeka nikaweka kiganja changu juu ya tumbo lake. Kitu kilikuwa mle ndani, kikubwa kama dafu dogo, na kilikuwa kinapiga. Kilinyanyua mkono wangu, kikaushusha, kikaunyanyua tena. Nilimtazama usoni, naye akanitazama.

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari alimpapasa kwa muda mrefu, akampiga picha, akarudi kumpapasa tena. Kisha akaeleza, nami nikafasiri. Mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo na kushuka mbele ya uti wa mgongo umedhoofika mahali pamoja, umetuna kama mpira wa baiskeli unaotokeza penye tairi lililochanika. Siku moja utapasuka, na ukipasuka hakuna kitakachoweza kufanyika.

"Muulize nitakwea tena?" mtani wangu akasema.

Daktari akatikisa kichwa.

"Muulize utapasuka lini."

Daktari akasema hakuna ajuaye. Huenda kesho, huenda baada ya miaka. Mtani wangu akashukuru, akavaa kanzu yake, akarudi Temeke.

Kiti kile nilivutiwa siku iliyofuata. Daktari alikuwa ameona huko kwao, likizo iliyopita, upasuaji mpya kabisa. Ule mshipa uliotuna unafunguliwa, na ndani yake panashonewa mrija wa kitambaa cha nailoni ili damu ipite humo. Alikuwa amekuja na kitambaa hicho katika sanduku lake, na mkewe alikuwa na cherehani kule Uzunguni. Aliniambia wazi kwamba ameuona tu, hajaufanya kwa mkono wake. Wengine aliowaona walipona wakaenda nyumbani kwa miguu yao, na wengine hawakuamka. Akasema ukiachwa, ugonjwa huu una mwisho mmoja. Akasema pia anaondoka mwisho wa mwezi na hajui kama atapangiwa tena Tanganyika, na atakayekuja badala yake pengine hatajua kazi hii. Kisha akasema wagonjwa hawamsikilizi yeye kama wanavyonisikiliza mimi.

Nilikwenda kwa mtani wangu jioni ileile. Alikuwa amekaa uani akisuka makuti, maana kukwea alikuwa ameacha. Shemeji alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, tumbo lake limemlazimisha kukaa upande. Nilianza kwa mizaha kama kawaida, nikamwambia Mzungu anataka kumshonea shati ndani ya tumbo kwa kuwa Wazaramo wanapenda nguo. Alinisikiliza. Kisha akaweka makuti chini.

"Utani kando," akasema.

Shemeji akaacha kukuna. Kwetu sisi watani, maneno hayo mawili hayasemwi hovyo. Ukiyasikia, unafunga mdomo na kusikiliza kama mtu mwingine yeyote.

"Sijakataa kukatwa," akasema. "Nataka kwanza mtoto huyu azaliwe. Nimwadhinie sikioni mimi mwenyewe, nimwone macho. Baada ya hapo mnichukue, mnikate, mnishone, mnitie viraka mnavyotaka. Kama kitu hiki kitapasuka kabla, kitakuwa kimepasuka nikiwa hapa kwangu. Huyo daktari akiondoka, atakuja mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," nikasema.

"Basi." Akachukua makuti yake. "Na ule mto haurudi."

Nilikuwa nimeelewa kweli. Hakuna neno lililonipita. Njia nzima ya kurudi chumbani kwangu, ambayo haikuwa ndefu, nilikuwa nikitafuta jinsi ya kulizunguka. Nilijiambia kwamba hajui hatari yake, kwamba mimi ndiye niliyeweka mkono pale na kuhisi. Hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwepo jingine, na nimelijua tangu zamani ingawa sikulitamka: nilitaka kusimama kando ya meza ile. Nilitaka niwe mtu aliyekuwepo upasuaji wa namna hiyo ulipofanywa nchini mwetu, na nilitaka daktari aniambie tena nikae.

Siku chache baadaye ilikuwa arobaini ya bibi mmoja jirani yetu. Watu walijaa, wakwezi wenzake wote walikuwepo, wanawake kwenye mikeka yao, na watani tulipewa nafasi yetu kama desturi. Baada ya kisomo na chakula, nilisimama katikati. Nikajifunga upande wa khanga kiunoni, nikachukua sufuria tupu nikaliweka tumboni ndani ya shati, nikaanza kulipiga kwa vidole.

"Jamani wa Temeke!" nikasema. "Wazaramo mmekosa pa kuchezea ngoma mpaka mmeiingiza tumboni!"

Vicheko vikalipuka. Kila mtu alishajua habari za tumbo lake. Nikajilaza chini, nikatetemeka mwili mzima, nikaiga sauti yake. "Mama wee, Mzungu ana kisu! Nifunikeni mkeka! Mie nakwea mnazi mrefu kuliko mnara, lakini kisu kidogo kama kijiti cha meno, mama wee!" Nikatambaa mpaka miguuni pake, nikashika pindo la kanzu yake. "Baba, unasubiri mtoto azaliwe akushike mkono akupeleke hospitali?"

Mkwezi mmoja alikaa chini kwa kucheka. Wanawake walijifunika nyuso. Mtani wangu alicheka naye, maana hakuwa na njia nyingine. Mtu hawezi kusema "utani kando" katikati ya watu mia wanaocheka. Angeonekana ndiye mwoga hasa. Nililijua hilo. Ndiyo sababu nilikuwa nimeingojea arobaini ile.

Akainuka, akanipiga teke dogo la mgongoni.

"Simama, mpagazi," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Babu zako walibeba pembe za Mwarabu, wewe unabeba mabeseni ya damu ya Mzungu. Kamwambie bwana wako nakuja Jumatatu. Anoe kisu chake vizuri, ngozi hii si ya Mnyamwezi mla michembe ya viazi."

Watu wakapiga vigelegele. Niliinua macho nikamwona shemeji amekaa mwisho wa mkeka, mikono juu ya tumbo lake. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mimi, na niliondoa macho yangu kwanza.

Jumatatu alikuja kweli. Kesho yake daktari alinituma nimuulize kama amekubali kwa hiari yake.

"Mwambie nimekuja kwa miguu yangu," akasema.

Nikafasiri hivyohivyo. Sikumweleza daktari habari za uani wala za arobaini. Na mtani wangu naye sikumweleza habari za wale ambao hawakuamka. Nilimwambia tu kwamba daktari ameona watu wakipona.

Siku zile za kungoja alikuwa yuleyule. Ilihitajika damu, na ndugu zake wawili walitoa, nami nikatoa yangu. Alipoiona chupa yenye damu yangu akaita wodi nzima. "Tazameni! Wakinitia hii nitaamka nimejitwika gunia." Daktari alipomwonyesha ule mrija, ambao alikuwa ameushona mwenyewe nyumbani kwake, mtani wangu aliugeuza mkononi, akauvuta, akaupima kwa macho ya mnunuzi wa nguo.

"Mshono huu si mbaya," akaniambia. "Lakini muulize, kama kimebaki kitambaa, mwanangu apate kofia."

Daktari alicheka nilipomfasiria. Akasema kimebaki.

Upasuaji ulianza asubuhi. Nimeona matumbo mengi yakifunguliwa, lakini lile nilipata shida kulitazama. Daktari alichana kuanzia chini ya kifua mpaka chini kabisa, tukayasogeza matumbo kando tukayafunika kwa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu, na kile kitu kikaonekana. Kilikuwa chekundu cha kuiva, kinang'aa, kinaruka kwa kila pigo la moyo. Daktari alikitazama. Kisha akaanza kutafuta shingo yake kwa vidole, taratibu mno, na alipoipata akaibana kwa vibanio, akabana na chini yake. Ngoma ikanyamaza. Katika chumba kile sote tuliona ikinyamaza.

Alipokipasua, ndani mlikuwa na mabonge ya damu iliyoganda, tabaka juu ya tabaka, rangi ya maini. Tuliyatoa. Akaanza kushona ule mrija. Ukuta wa mshipa ulikuwa umeoza. Sindano ilipita, uzi ulipovutwa nyama ikachanika. Akashona tena pembeni, ikachanika tena. Jasho lilimshuka nikamfuta, likashuka tena. Muda ulikwenda, na wakati wote ule miguu ya mtani wangu haikuwa inapata damu. Alipofungua vibanio, damu ilipita kwenye mrija, na ikapita pia katikati ya nyuzi za kitambaa, ikivuja kila upande kama maji katika kikapu. Tulikandamiza. Tulingoja. Chupa yangu iliingia, ikaisha, na za ndugu zake zikaisha. Hatimaye uvujaji ukapungua, daktari akafunga tumbo. Alivua glavu, akanishika bega. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba tumejifunza mengi leo.

Mtani wangu aliamka jioni. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alifumbua macho, akapapasa tumbo juu ya bandeji.

"Imenyamaza," akasema.

"Imenyamaza. Sasa Wazaramo mtacheza nini?"

Akatabasamu kidogo. Nilitoka pale nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dar es Salaam. Nilimpelekea shemeji habari kwamba mumewe yu hai na anazungumza. Alisema alhamdulillahi, wala hakunikaribisha ndani.

Asubuhi iliyofuata nilipofunua shuka, niliiona miguu. Ilikuwa imebadilika rangi kuanzia chini ya magoti, na ilikuwa ya baridi kama vyombo vyangu vikishapoa. Miguu ile iliyokuwa ikishika shina la mnazi kama mikono. Daktari akaja, akatafuta pigo la damu nyuma ya goti, juu ya wayo, hakulipata. Haja ndogo nayo ilikuwa imekatika. Alisimama pale akiwa amejishika kiuno, akasema tungoje.

"Mpagazi," mtani wangu akaniita mchana, "umeniibia miguu. Irudishe, mto nitakurudishia."

Ulikuwa utani wake wa mwisho.

Siku ya pili alikuwa amevimba uso, na pumzi zake fupi. Nilikuwa nambadilishia bandeji aliponitazama kwa muda.

"Bwana dresa," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Hivyo ndivyo walivyoniita wagonjwa nisiowajua.

"Mpagazi yuko hapa," nikasema.

"Utani kando. Siku ile uani nilikuambia nini?"

Niliendelea kukunja bandeji.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia tungoje mtoto azaliwe."

Akafumba macho. "Kumbe ulisikia," akasema. "Mie nimekuwa nikijiambia labda hukusikia."

Aligeuza uso ukutani, na hakunisemesha tena. Alifariki kesho yake mchana. Daktari aliandika anachoandika, akapanda meli wiki iliyofuata, na Tanganyika hakurudi.

Nilikwenda msibani kama mtani ninavyopaswa. Nilikuwa nimejikaza. Nilijua kazi yangu: kuzuia jeneza mlangoni, kumtukana marehemu kwa kutukimbia, kudai minazi yake, chochote kile, ili watu wapate kucheka. Walipolinyanyua jeneza nikatanua mikono mlangoni nikafungua mdomo. Kabla sijasema neno, sauti ya shemeji ilitoka chumbani alimokuwa amekaa na wanawake.

"Mwambieni huyo bwana apishe njia. Leo hatuna mtani."

Nikashusha mikono. Jeneza likapita mbele yangu, nikafuata nyuma kabisa, na kaburini nilisimama mbali kama mpita njia aliyevua kofia.

Mtoto alizaliwa baada ya wiki chache, wa kike, mzima. Nilisikia kutoka chumbani kwangu vigelegele vya wanawake. Aliyemwadhinia alikuwa baba yake mdogo. Arobaini ya uzazi ilipokwisha, shemeji alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia. Alikuwa amebeba mto wangu. Ulikuwa umefuliwa, foronya mpya, na sufi imechambuliwa upya ukavimba kama ulivyokuwa siku ulipochukuliwa.

"Kitu chako," akasema.

"Shemeji, huo si wa kurudishwa."

"Ni kitu chako," akarudia. Akauweka kizingitini akaondoka.

Mtu asiye wa kwetu angeona mama mwaminifu anarudisha mali ya jirani. Mimi nilijua nilichoambiwa. Mtani harudishi kitu. Nilihama Temeke mwaka uleule, nikapanga Kinondoni, ambako hakuna aliyenijua.

Mara moja tu nilizungumza na yule binti. Alikuwa mtu mzima tayari, nchi ilikuwa huru, nami nilikuwa karibu kustaafu. Alikuja hospitali kumuuguza mama yake, nikamjua kwa mikono yake mirefu. Nilimkaribia nikamwambia, "Mzaramo wewe, umefuata nini huku, ngoma zimekwisha kwenu?" Alinitazama. Akasogea hatua moja nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Mama ameshaniambia habari zako. Na wewe hatutaniani."

Nikaitikia marahaba. Hapakuwa na jingine la kuitikia.

Siku hizi nasikia mirija ile inatengenezwa viwandani, haivuji, na watu wanakatwa asubuhi wakaamka na miguu yao. Naamini. Huenda pia mtani wangu angepasukiwa siku moja kabla ya mtoto kuzaliwa, pale uani, juu ya mto wangu. Wenzangu wa hospitali waliniambia hivyo ili kunifariji. Hilo sitalijua, na halinisaidii, kwa sababu alikuwa amekwisha kuchagua na mimi nilikuwa nimesikia.

Kile kiti cha daktari kilimgharimu mtani wangu uhai wake na siku alizotaka kumngojea mwanawe. Kilimgharimu binti yake sauti ya baba sikioni. Mimi kilinigharimu rafiki niliyekuwa naye, nyumba yake, na utani wenyewe. Tangu siku ile hakuna Mzaramo aliyenitukana, wala aliyechukua kitu changu. Wananiamkia shikamoo na kupita, na nitakapokufa hakuna atakayezuia jeneza langu.